Mshumaa wa Baba Oresti

Wadogo zangu wa karakana ya mishumaa, Tekla ameniambia kwamba tangu nilipoondoka mmeanza kubishana kuhusu kiasi cha manukato, na kwamba yupo mmoja wenu anayepima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Jina amekataa kunitajia. Kwa hiyo naandika. Sikuwa na nia ya kuandika. Nilitaka kukaa nyumbani kwangu Izia, nipalilie maharage yangu na kusikiliza kuku wakigombana wenyewe bila mtu kuniita nisuluhishe. Lakini hicho kifuniko cha soda kimeninyima raha.

Nilifika karakana nikiwa msichana mwenye cheti cha ushonaji. Niliposikia masista wa Mazwi wanatafuta binti wa kazi za mikono, nilibeba mkasi wangu na futi ya kupimia nguo. Aliyenipokea mlangoni alikuwa Sista Radegunda, mwembamba, mrefu, aproni yake imegandiwa nta mbele mpaka ikawa inasimama yenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Unajua kushona?"

"Najua, Sista."

"Vizuri. Basi unajua kukaa." Akanipa sufuria na mwiko.

Sikushona hata kifungo kimoja tangu siku hiyo. Mkasi niliendelea kuutumia kukatia tambi za mishumaa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba nta haiwekwi juu ya moto. Unaweka maji kwenye sufuria kubwa, ndani yake sufuria ndogo, na nta ndani ya hiyo ndogo. Nta ikipikwa moja kwa moja juu ya mkaa, siku moja itashika moto, na mtu atakayejaribu kuuzima kwa maji atabaki bila nyusi. Nyusi zangu mnazoziona zimeota mara ya pili.

Jambo la pili lilikuwa tabia za nta. Ya nyuki ni ngumu, ina rangi ya asali, inawaka polepole na ina harufu yake ambayo haitaki kushindana na mtu. Parafini ni nyeupe, nyepesi, inapokea harufu yoyote unayoipa, ila ikiwa peke yake hulainika kwenye joto na hulia machozi upande mmoja. Ukizichanganya, moja inamshikilia mwenzake. Kwa mishumaa ya altareni tulizidisha ya nyuki. Kwa ya manukato tulizidisha parafini. Utambi nao hufuata nta: nta ya nyuki inataka utambi mnene, la sivyo moto unachimba shimo katikati na kuzama humo.

Halafu kuna baridi yetu ya Ufipa. Wanaofundisha kazi hii huko pwani hawajui shida hiyo. Mwezi wa saba upepo ukishuka mjini, mtu akimwaga nta ya moto kwenye kalibu baridi, yaani chombo cha kuupa mshumaa umbo, mshumaa unatoka na mistari kama uso wa mtu aliyelalia mkeka. Dawa yake ni kupasha kalibu kwanza. Sisi tulizipanga karibu na jiko na kuzifunika blanketi. Mgeni mmoja aliingia akaziona zimelala mstari mmoja chini ya blanketi, akaanza kunong'ona ili asiziamshe. Tulimwacha anong'one mpaka alipomaliza shida yake akaondoka.

Sasa manukato. Sista Radegunda alikuwa na kanuni yake: gramu sita za manukato kwa kila gramu mia za nta. Ikibidi, nane. Ukipita kumi, mshumaa unatoa jasho, na mshumaa unaotoa jasho hauna tena siri. Unapima kwa mizani, nta ikiwa imetoka kwenye moto na kupoa kidogo. Ukitia manukato nta ikiwa inachemka, unanukisha dari. Ukingoja mpaka iwe nzito, mafuta yatakaa pembeni kama wakwe. Alikuwa akiinua kila sampuli mpaka puani, anafumba macho, anayafumbua, ananitazama, halafu anatoa hukumu. Hakuwahi kukosea. Nilimwogopa kwa ajili ya pua hiyo.

Nikaja kujua ukweli siku panya alipofia nyuma ya rafu ya mafuta. Tulikimbilia nje sote, mimi, Tekla na wateja wawili. Tukasimama uani tumejifunika pua. Sista alibaki ndani anakunywa chai. Baada ya muda akachungulia dirishani.

"Mbona mko nje? Kuna msafara unapita?"

"Sista, husikii hiyo harufu?"

Akatazama kikombe chake, kisha akatutazama. "Ipi?"

Baadaye, tulipobaki wawili, akaniambia kwamba hajawahi kunusa kitu chochote tangu alipougua akiwa mnovisi, kabla hajaweka nadhiri. Hakumbuki hata mkate unanukiaje.

"Sasa Sista, manukato unayapimaje?"

"Napima kwa mizani. Halafu natazama uso wako. Harufu ikikupendeza, unafumba macho. Ikizidi, unafumba mdomo. Isipotosha, unauliza bei."

Na mimi niliyekuwa nikinusa mchana kutwa, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ninakosea. Pua huchoka. Ukinusa mara tatu mfululizo inakuwa kama mgeni aliyezoea nyumba, haioni tena kilichomo. Pimeni kwa mizani, kisha mtafute uso wa mtu aliyetoka nje sasa hivi.

Wateja wetu walikuwa wa kila namna. Alikuwepo mama mmoja wa Dar es Salaam aliyepiga simu mara kwa mara, kwa sababu huko wakisikia Sumbawanga tu wanafikiria uchawi.

"Mshumaa wenu umezimika wenyewe," akasema siku moja, sauti chini. "Maana yake nini?"

"Maana yake utambi mwembamba."

"Na kama ungekuwa mnene?"

"Ungewaka, mama."

Akanishukuru kana kwamba nimemficha jambo, akaagiza mingine mingi zaidi.

Ilikuja pia kamati ya harusi iliyotaka mishumaa ya mezani yenye harufu ya pilau. Mwenye kuleta viungo alikuwa amegombana na bwana harusi, kwa hiyo wali ungekuwa mweupe. Tuliweka iliki, mdalasini, bizari, na karafuu kidogo sana. Angalieni sana karafuu, haina adabu. Wageni walikula wali mweupe wakasifu pilau. Mjomba mmoja tu ndiye aliyelalamika, naye alikuwa na mafua, na watu wakasema ana wivu.

Lakini kazi ninayotaka muijue kwa kirefu ni ya Mama Oresti.

Alikuja asubuhi moja ya baridi, mwanamke wa makamo, amejifunga vitenge viwili na sweta juu yake. Macho yalikuwa mekundu. Alisalimia kila mmoja, akakaa kwenye kile kibenchi cha wateja, akavuta pumzi.

"Nataka mshumaa wenye harufu ya mume wangu," akasema.

Tekla akazima redio. Mimi nikaacha mwiko. Sista Radegunda akamsogelea, akamshika mkono.

"Pole sana, mama. Alitutoka lini?"

"Nani?"

"Mume wako."

"Hajatutoka. Yupo nyumbani, anaoga." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ndiyo shida yenyewe, Sista. Anaoga."

Akatueleza. Mume wake, Mzee Kasiano, alikuwa mwenye mashine ya kusaga karibu na soko, ile ambayo wengi wenu mmewahi kupeleka mahindi. Maisha yake yote ya ndoa alirudi nyumbani mweupe kwa unga, ananukia mashine. Kisha mgongo ukaanza kumsumbua, akauza mashine, akapumzika. Mtoto wao Oresti, aliyeko Mbeya, akamtumia baba yake zawadi ya kustaafu: sabuni za aina tatu, losheni na pafyumu mbili. Mzee akazipenda. Sasa anaoga asubuhi na jioni, anajipulizia shingoni, anatembea barabarani polepole ili watu wamfaidi.

"Anapendeza, sikatai," akasema Mama Oresti. "Lakini usiku nikigeuka nakuta mtu ananukia kama benki. Nashtuka. Moyo unaniambia, huyu ni nani? Silali. Nimehamia jikoni, nasingizia kwamba nachunga maharage. Nimekonda. Kaka zangu kule bondeni wameanza kuuliza kama napigwa."

"Umemwambia?" akauliza Sista.

"Nimwambieje? Mtoto kampa baba yake kwa upendo. Na yeye mwenyewe amefurahi, tangu nimjue ni sasa tu namwona anajitazama kwenye kioo. Nimwambie arudi kunuka? Hapana. Nipeni tu mshumaa niuweke upande wangu wa kitanda."

Nilidhani Sista atamwelekeza kwa padri. Badala yake alivaa miwani. "Ananukia nini? Sema polepole."

"Pumba," akasema mama yule, na sauti ikalainika. "Pumba zilizopata moto. Dizeli. Sigara moja ya jioni, si zaidi. Na jasho, lakini si jasho baya. Jasho la mtu anayerudi nyumbani."

Kesho yake nilitumwa kwenye mashine ile kuleta pumba. Mnunuzi alikuwa Masanja, Msukuma mfugaji aliyekuja Rukwa na ng'ombe wake, akaongeza shamba, akaongeza mashine. Mtu mkarimu, lakini mashine ilikuwa inanguruma na yeye alikuwa juu ya ngazi anamimina mahindi.

"Shikamoo!" nikapiga kelele. "Nimekuja kwa ajili ya harufu!"

"Harusi?"

"Harufu! Ya Mzee Kasiano!"

Akashuka ngazi, akafuta mikono, uso umejaa furaha. "Mzee Kasiano anaoa! Na umri ule! Ni nani huyo?"

"Haoi! Nataka pumba! Zile za chini kabisa!"

"Za pombe ya harusi?"

"Za mshumaa!"

Akaamua kwamba Wafipa wana mila zao na mgeni asizidadisi. Akachukua ufagio, akanifagilia mwenyewe pumba za chini ya mashine, palepale chini ya mkanda, akanijazia mfuko mzima. "Mpe hongera!" akapiga kelele nikiwa barabarani. Watu wawili kwenye foleni nao wakapiga vigelegele.

Pumba tulizikaanga bila mafuta mpaka zikatoa moshi kidogo, tukaziloweka kwenye mafuta ya alizeti yenye uvuguvugu, tukachuja kwa kitambaa mara mbili. Kuchuja ni lazima. Punje moja ya pumba ikibaki kwenye nta inakuwa utambi wa pili, na mshumaa wenye tambi mbili ni mkutano wa hadhara. Tumbaku tuliifanyia hivyo hivyo.

Dizeli ikatushinda. Nilisema wazi kwamba dizeli haingii kwenye mshumaa wangu hata kama Baba Mtakatifu mwenyewe ataiomba. Mama Oresti akasema bila dizeli si yeye. Tukakaa hivyo, yeye kwenye benchi, mimi kwenye kigoda, mpaka Tekla alipokumbuka zile parafini mbovu. Tulikuwa na mzigo tuliokuwa tumeusukumia nyuma ya stoo kwa sababu haukusafishwa vizuri kiwandani. Vipande vilikuwa na rangi ya majivu, na ukivikaribia vinanuka gereji. Vilikuwa vimekaa pale tukiona aibu hata kuviwasha wenyewe.

Nikavuta kipande kimoja nje. Mama Oresti akainama juu yake, akafumba macho.

"Mabega," akasema. "Haya ni mabega yake."

Basi tukajenga kuanzia mabegani. Parafini mbovu sehemu tatu, nta ya nyuki sehemu moja, maana ile ya nyuki ndiyo iliyobeba lile jasho tamu. Mafuta ya pumba gramu tano kwa mia, ya tumbaku moja. Sampuli ya kwanza aliinusa akarudisha palepale mezani.

"Huyu ni kaka yake," akasema. "Yule wa Namanyere."

Tukapunguza nta ya nyuki. Ya pili akaishika muda mrefu.

"Huyu ni yeye. Lakini amekasirika."

Tukapunguza tumbaku mpaka nusu gramu. Ya tatu akaiinua mpaka puani. Nilikuwa natazama uso wake kama nilivyofundishwa, na macho yakafumbika, mdomo ukabaki wazi kidogo, mkono mmoja ukapanda taratibu kichwani kurekebisha kilemba. Sista Radegunda akanigusa kiwiko. Ikawa imepatikana.

Tulimwambia asiuwashe mara moja. Mshumaa wa manukato unahitaji wiki mbili za kulala ili harufu ishikane na nta. Akasema yeye ndiye aliyekosa usingizi, si mshumaa, akaubeba chini ya kitenge akaondoka.

Siku hiyo nilipofika nyumbani nilimnusa mume wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alinukia chaki na peremende. Akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Haukupita muda Mzee Kasiano akatuingilia karakana. Pafyumu ilitangulia, yeye akafuata, amevaa suti na kofia, mkononi ameshika mshumaa uliowaka nusu, ameuning'iniza mbali na mwili kama mtu aliyekamata nyoka mkiani.

"Nani anatengeneza wanaume hapa?" akauliza.

Mimi nikafunika sufuria.

"Nimetoka kuoga, naingia chumbani, chumba kimejaa mwanaume! Nimetazama chini ya kitanda. Nimetazama nyuma ya mlango. Mke wangu amelala fofofo, anatabasamu! Mwanamke ambaye hajalala chumbani tangu mavuno!"

"Mzee," nikasema, "huyo ni wewe."

"Mimi nipo hapa!"

"Ni wewe wa zamani," akasema Sista.

Mzee Kasiano akautazama mshumaa, akatutazama sisi. Hapo nikaona kwamba nyuma ya suti ile palikuwa na mtu aliyeumia kwelikweli.

"Kwa hiyo nimenyang'anywa mke na mtu ambaye nilimlisha mimi mwenyewe," akasema. "Tutaonana kwenye jumuiya."

Jumuiya yao ndogo ya Kikristo ilikaa Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Mzee Kasiano, na sisi watatu wa karakana tuliitwa kama mashahidi. Watu walijaa sebuleni mpaka barazani. Habari ilikuwa imeenea, lakini imeenea vibaya, kwa sababu foleni ya kwa Masanja iliyasambaza yale ya harusi. Wengine walikuja na zawadi. Bibi Sesilia, mzee kuliko wote pale, alikuwa na kuku chini ya kwapa na hakujua ampe nani.

Mwenyekiti, Mzee Alufonsi, akafungua kwa sala, akasikiliza malalamiko, akauliza mlalamikiwa yuko wapi.

"Huyu hapa," akasema Mzee Kasiano, akauweka mshumaa juu ya kigoda.

Mwenyekiti akautazama. "Ana la kusema?"

"Mpaka awashwe," akasema Sista Radegunda.

Wakabishana kama ni halali kumwasha mlalamikiwa kwenye kikao cha sala. Katibu akasema hakuna kanuni inayokataza. Ukawashwa. Mwanzoni hapakuwa na kitu, ni moto tu. Kisha nta ikayeyuka kuzunguka utambi na harufu ikapanda ikajaa chumba.

Niliyoyaona baada ya hapo sitawaomba myaamini. Watu walianza kupiga kelele. Si kwa hasira. Walianza tu kuongea kwa sauti ya juu, kila mmoja, bila kujua, kama unavyoongea kwenye mashine ya kusaga. Mtu aliyekuwa anamnong'oneza jirani yake kuhusu mazishi ya Jumatatu akawa anayatangaza. Bibi Sesilia akainuka na kuku wake, akatazama nyuma na mbele.

"NANI WA MWISHO?" akauliza.

"MIMI!" akajibu mtu wa barazani, na bibi akaenda akasimama nyuma yake. Wengine wawili wakajipanga.

"TUTULIE!" akapiga kelele mwenyekiti. "MAMA ORESTI, UNA JIBU?"

Mama Oresti alikuwa anamtazama mume wake. Mzee Kasiano alikuwa amekaa wima, kofia mapajani. Pua yake ikacheza. Ikacheza tena. Akasimama, akauzunguka mshumaa, akainama, akapapasa mfuko wa koti la suti kutafuta spana.

"MKANDA UNATELEZA," akasema.

"MKANDA GANI?"

"WA MASHINE. UNATELEZA, UNAUNGUA PEMBENI." Akabaki ameinama hivyo. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa. "HUYU MTU NAMFAHAMU," akasema.

"HATA MIMI!" akapiga kelele mke wake. "NIMEZAA NAYE!"

"MBONA HUKUNIAMBIA?"

"ULIKUWA UNAOGA!"

"UNGENIGONGEA MLANGO!"

"NILIDHANI UNAIPENDA!"

"NAIPENDA KWA SABABU SINA KAZI NYINGINE!"

Wakaendelea hivyo, wamesimama kila mmoja upande wake wa kigoda, na nikaelewa kwamba hawa wawili walikuwa wameongea hivi maisha yao yote. Mke alikuwa akimpelekea mume chakula mashineni, na yote ya nyumba yao, ada, ndoa ya binti, mimba iliyoharibika, waliyapanga kwa kupiga kelele juu ya ngurumo. Mashine ilipouzwa, wakarudi kwenye nyumba yenye kimya, na hakuna kati yao aliyejua mambo ya ndani husemwaje kwa sauti ya chini.

Tekla akauzima mshumaa. Sauti zilishuka taratibu. Tulifunga kwa wimbo, lakini bado tuliuimba kwa nguvu mno, mpaka watu wa jumuiya ya pili wakaja kuuliza nani amefariki. Bibi Sesilia akampa kuku yule aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, akaenda nyumbani.

Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba mshumaa na mume wawe na zamu, wasikutane chumbani. Mzee Kasiano akasema hawezi kupangiwa zamu na nta. Jumatatu akavua suti, akaenda kwa Masanja.

"Mkanda wako unateleza," akamwambia.

"Umesikia wapi?"

"Nimenusa."

Masanja akazima mashine, akaukagua mkanda. Ulikuwa umeungua ukingo mzima, na vumbi la raba limemwagika chini, humohumo kwenye zile pumba alizonifagilia. Bado siku chache ungekatika, na mkanda ukikatika unapiga watu. Masanja akamwomba mzee awe anakuja. Magunia hakuruhusiwa kuyagusa kwa ajili ya mgongo. Alipewa kiti karibu na injini, kazi yake kusikiliza na kunusa.

Pafyumu alituletea sisi. Zile chupa bado zipo kwenye kabati la juu. Msizitie kwenye nta hata siku moja: ya kujipulizia ina spiriti, haishikani na nta, na itawarukia. Mkitaka kujua benki inanukiaje, fungueni kabati.

Mama Oresti alirudi karakana mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa amenenepa, mkononi ana kapu la chakula lililofunikwa. Akafungua kitenge, akatoa kipande cha mshumaa kilichobaki, kifupi kama kidole gumba, akakiweka mezani.

"Mwondoeni," akasema.

"Amekosea nini, mama?" nikauliza.

"Hajakosea. Mwenyewe amerudi. Siwezi kuwa na wanaume wawili nyumba moja, jumuiya imeshanikalia mara moja inatosha."

Nikamwambia akiache, tutakishughulikia. Akakataa. Alitaka kuona. Basi nikabandika maji, nikaweka sufuria ndogo ndani ya kubwa, nikakitia kile kipande. Alisimama pembeni yangu, mikono ameifunga kifuani. Kilianza kulainika pembeni, kikainama, kikalala, na kwa muda mfupi karakana nzima ikanukia mtu anayerudi nyumbani. Kisha utambi ukabaki peke yake juu ya mafuta. Niliutoa kwa uma.

"Ameisha?" akauliza.

"Ameisha, mama."

Akatupa mkono mmoja mmoja, mimi, Tekla, Sista Radegunda. "Poleni sana," akasema. Akatoka nje, akasimamisha bodaboda, akamwambia dereva ampeleke mashineni, na amwahishe, maana chakula cha mzee kinapoa.